Matundu yaliyosahauliwa nyuma ya tarakilishi za shule

Mchungaji wa Kiturkana anayemtafuta ngamia wake usiku hana haja ya kurunzi. Husimama kimya, akatega sikio, na kengele ya mti iliyofungwa shingoni mwa mnyama ikamwelekeza upande wa kwenda. Kadhalika, mtoto aliyelelewa Lokichoggio katika miaka ya 1990, enzi ambapo ndege za misaada ya Operation Lifeline Sudan zilitua na kupaa mchana kutwa, aliweza kukuonyesha kwa kidole upande ndege inakotokea kabla haijaonekana. Masikio mawili tuliyojaliwa yalikuwa chombo cha kupimia mahali zamani sana kabla hayajawa chombo cha kusikilizia muziki.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo, akiingia katika ukumbi wa shule yake kutazama filamu au kusikiliza ngano iliyorekodiwa, hunyang'anywa kipawa hicho mlangoni. Mtambaji, hadhira, makofi, ngoma na upepo, vyote humjia kutoka katika spika moja iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu, vimesongamana kama abiria katika matatu ya mwisho ya kwenda Kakuma. Tunapolalamikia hali hii, aghalabu tunaulaumu umaskini. Mimi nasema umaskini una makosa mengi, lakini hili si lake. Tarakilishi nyingi za mezani zilizomo katika shule zetu zina uwezo wa kutoa sauti sita mbalimbali kwa wakati mmoja, zikamzunguka msikilizaji pande zote. Uwezo huo umo ndani ya ubao mkuu wa mashine yenyewe, na ulikwisha kulipiwa siku ile mashine iliponunuliwa. Twautumia thuluthi moja tu, kisha twaketi kuwaandikia wafadhili barua za kuomba mitambo.

Naomba kwanza tuelewane kuhusu istilahi, kwani ndiyo kazi inayonipa riziki. Nitasema 'tarakilishi' kwa sababu ndilo neno walilolizoea walimu wengi wa Kiswahili nchini Kenya, ingawa 'kompyuta' halina kosa lolote na 'ngamizi' nalo lina mashabiki wake. Ila 'kipaza sauti' nitaliepuka. Neno hilo tumelitwika mizigo miwili: wengine hulitumia kwa kifaa anachosemea mhutubu, wengine kwa kile kinachotoa sauti upande wa hadhira. Katika shughuli ambapo tundu moja ni la kuingizia sauti na jirani yake ni la kutolea, utata wa namna hiyo unaweza kumfanya mwanafunzi achomeke waya pasipofaa. Kwa hiyo cha kusemea nitakiita maikrofoni, na cha kutolea sauti nitakiita spika.

Je, sikio hutambuaje upande? Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, haizidi sana sehemu 7 za elfu kumi za sekunde, lakini ubongo huipima bila taabu. Fauka ya hayo, kichwa chenyewe hufanya kivuli, hivi kwamba sikio la upande wa pili hupata sauti iliyofifia kidogo. Spika moja haiwezi kamwe kuyaiga haya. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliliona jambo hili mapema, na mwezi wa Desemba 1931 akawasilisha ombi la hataza la mfumo wa njia mbili za sauti, ambao leo twauita stirio. Filamu ya Fantasia ya mwaka wa 1940 ilikwenda mbali zaidi, ikatumia njia kadhaa za sauti katika kumbi chache za Marekani. Mwaka wa 1992, ule ule ambao kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa, filamu ya Batman Returns ilitoka na mfumo wa kidijitali wa njia tano kamili pamoja na moja ya sauti nzito. Huu ndio mfumo unaoandikwa 5.1. Hiyo nukta moja ni ya sauti nzito peke yake, na haikuhesabiwa kuwa njia kamili kwa kuwa hubeba sehemu ndogo tu ya chini ya masafa ya sauti.

Mambo haya yalikuwa ya majumba ya sinema na matajiri hadi watengenezaji wa tarakilishi walipoamua kuutia mtambo wa sauti katika ubao mkuu badala ya kuuza kadi ya sauti kando. Intel ilitoa kiwango cha AC'97 mwaka wa 1997, kikiruhusu hadi njia sita. Mwaka wa 2004 kikafuata kiwango cha HD Audio kinachoruhusu nane. Kwa hiyo tarakilishi ya mezani iliyotupwa na ofisi fulani ya Nairobi, ikasafiri kwa lori kupitia Kitale na Lodwar hadi mpakani, yamkini ina uwezo ambao mkurugenzi aliyeitumia hakuwahi kuujua.

Nilifika katika shule moja ya upili karibu na Lokichoggio kuwasaidia walimu wa fasihi simulizi. Katika maabara yao niliigeuza tarakilishi moja nikaitazama mgongoni. Kulikuwa na matundu sita madogo ya mviringo, na moja tu, la kijani, ndilo lililokuwa na waya. Mengine matano yalikuwa yamejaa vumbi. Mwalimu aliyesimama nami alidhani ni ya vifaa ambavyo shule haikupewa.

Rangi za matundu hayo zina maana, na zilisanifishwa katika mwongozo wa PC 99 uliotolewa na Microsoft na Intel. La kijani hafifu ni la spika za mbele. Jeusi ni la spika za nyuma. La rangi ya machungwa ni la spika ya kati pamoja na ile ya sauti nzito, ambayo vijana wetu huiita wufa. La kijivu ni la spika za ubavuni, nalo huhitajiwa na wenye spika nane. La samawati ni la kuingizia sauti kutoka redio au kifaa kingine, na la waridi ni la maikrofoni. Kila tundu la kutolea sauti hubeba njia mbili: ncha ya pini ni njia ya kushoto, pete inayofuata ni ya kulia, na sehemu ya shina ni ya pamoja. Basi pini tatu, yaani ya kijani, nyeusi na machungwa, zatosha kuleta njia sita.

Baadhi ya mashine zina matundu matatu tu. Wenye hizo wasikate tamaa. Katika nyingi, programu endeshi ya sauti inaweza kuyabadilishia kazi: la samawati likawa la spika za nyuma, la waridi likawa la kati na sauti nzito, la kijani likabaki lilivyo. Gharama yake ni kukosa maikrofoni ya nyuma wakati huo, ingawa mara nyingi lipo tundu jingine usoni mwa kasha. Kipakatalishi ndicho kisichofaa kwa njia hii, kwani kwa kawaida kina tundu moja pekee.

Hapa yafaa nionye. Kinachotoka katika matundu hayo ni ishara dhaifu isiyo na nguvu ya kusukuma spika kubwa. Ukichomeka spika zisizo na amplifaya utasikia mnong'ono tu, na utadhani mashine imeharibika. Zinazotakiwa ni spika zenye amplifaya yake ndani, zile ndogo za mezani zinazouzwa jozi jozi, au redio kuukuu zenye tundu la kupokea sauti ya nje. Jozi tatu zatosha, wala si lazima zifanane. Nimesikia ukumbi uliotumia jozi mbili za spika za mezani na redio moja ya kaseti ambayo kaseti yenyewe haikufanya kazi, na mtu aliyefumba macho asingejua.

Ile jozi ya tundu la machungwa ina kichekesho chake. Spika moja itapata sauti ya kati, yaani maneno ya wahusika, na mwenzake atapata sauti nzito peke yake, jambo ambalo kispika kidogo hakiliwezi. Kitatetema tu kama debe. Ikiwa shule haina wufa, iambie tarakilishi kwamba haina, na spika hiyo ya pili uiache kando. Baadhi ya mashine hubadilisha nafasi za hizo mbili. Ukisikia maneno yanatoka katika wufa, hujakosea. Tafuta katika programu ya sauti chaguo la kuzibadilisha.

Waya zikishachomekwa, tarakilishi bado itaamini kuwa ina spika mbili hadi uiambie vinginevyo. Katika Windows, fungua paneli ya mipangilio ya sauti, chagua kifaa cha kutolea sauti, ubonyeze kitufe kilichoandikwa Configure, kisha uchague 5.1. Kuna kitufe cha jaribio kinachopiga mlio katika kila spika kwa zamu. Weka mwanafunzi mmoja katikati ya ukumbi, amefumba macho, anyooshe mkono upande anakosikia mlio. Wanaotumia Linux wana amri ya speaker-test, iongezewe idadi ya njia sita. Zoezi hili dogo hufichua kosa lolote la waya, na wanafunzi hulipenda kuliko somo lenyewe.

Msomaji asishangae akicheza wimbo wa kawaida na spika za nyuma zikanyamaza. Wimbo wa stirio una njia mbili tu, na mashine haiwezi kubuni kisichorekodiwa. Zipo programu zinazonakili njia za mbele na kuzipeleka nyuma ili kila spika ipige kelele. Kwa sherehe sina neno. Kwa somo la lugha nazipinga, na sababu yangu ni ya kifizikia.

Wataalamu wa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu hupendekeza spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande wa msikilizaji, na za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120. Pendekezo hilo linamfaa mtu mmoja aliyeketi katikati ya chumba. Ukumbi wenye wanafunzi mia mbili ni jambo jingine. Katika joto la nyuzi 35, ambalo Turkana si habari, sauti husafiri takriban mita 352 kwa sekunde. Mwanafunzi wa safu ya mwisho aliye mita 15 kutoka spika za mbele na mita 2 kutoka spika ya nyuma ataisikia ya nyuma ikitangulia kwa sehemu 37 hivi za elfu moja za sekunde. Sikio lina tabia, iliyochunguzwa na Helmut Haas mwaka wa 1949, ya kuamini kwamba sauti imetoka kule ilikotangulia kufika. Ukinakili maneno ya mtambaji ukayapeleka nyuma, mwanafunzi huyo atamwona mtambaji kwenye skrini mbele yake na kumsikia kisogoni, tena kwa mwangwi. Maneno yabaki katika spika ya kati, chini ya skrini, juu ya meza ili yasimezwe na miili ya waliokaa mbele. Spika za nyuma ziinuliwe juu ya vichwa na zipunguzwe sauti hadi uhisi kwamba zipo bila kuzitazama.

Kuta za saruji na paa la mabati ni adui wengine. Sauti hudunda huko ikarudi imechelewa. Mikeka haisaidii sana kwa kuwa ni myembamba. Mablanketi mazito husaidia, na magodoro ya bweni yaliyosimamishwa kwenye ukuta wa nyuma husaidia zaidi. Kakuma, ambako shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha filamu usiku mbele ya skrini kubwa uwanjani, hakukuwa na kuta za kudundisha sauti, lakini kulikuwa na upepo. Kila mahali pana dhiki yake. Kuhusu mngurumo wa umeme unaosikika spika zikiwa kimya, jaribu kwanza kuchomeka tarakilishi na spika zote katika kebo moja ya umeme. Mchakacho mdogo unaosikika kipanya kinaposogezwa ni wa ubao mkuu wenyewe, kwa kuwa mtambo wa sauti umebanana na mitambo mingine, na dawa yake ni kuongeza sauti ya tarakilishi na kupunguza ile ya spika.

Sasa niseme kwa nini mwanaisimu anajitia katika mambo ya waya. Kiturkana kina vokali ambazo zikiwa mwishoni, kabla ya kituo, hutamkwa bila mghuno. Midomo na ulimi hukaa mahali pake, pumzi hupita, lakini nyuzi za sauti hazitetemeki. Gerrit Dimmendaal alizieleza katika sarufi yake ya Kiturkana ya mwaka wa 1983. Watoposa, walio ng'ambo ya mpaka upande wa Sudan Kusini na ambao lugha yao inakaribiana mno na Kiturkana, wanazo pia. Mgeni haziskii. Mzawa huzisikia, maadamu hakuna kelele. Sasa chukua ngano iliyosimuliwa na bibi mmoja, uipitishe katika wufa lililoongezwa besi kama la matatu, ndani ya ukumbi wa mabati. Vokali hizo ndizo za kwanza kufa. Mwanafunzi aliyekulia mjini Lodwar au katika mabweni ya mbali, ambaye Kiturkana chake tayari kimechanganyika na Kiswahili na Kiingereza, atasikia maneno yaliyokatwa mikia, naye atayatamka hivyo. Walimu wawili waliniambia kwamba wanafunzi wao tayari huandika maneno hayo bila vokali ya mwisho. Siwezi kudai kwamba spika ndizo zilizoleta hayo. Nadai tu kwamba haziwasaidii. Ndiyo maana ningemshauri mwalimu mwenye fedha za kununulia spika moja nzuri ainunue ile ya kati, na wufa lisubiri.

Upande wa pili wa hoja ni hadhira. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi huwakaririsha wanafunzi kwamba utanzu huu hauwi bila fanani na hadhira kuwa pamoja, kisha tunawachezea rekodi ambayo hadhira imegeuzwa kuwa kelele nyuma ya fanani. Katika edonga, ngoma ya Waturkana, watu hukaa duara. Waimbaji huitikia kutoka kila upande na wanaoruka wamo katikati. Atakayeirekodi kwa maikrofoni moja kutoka nje ya duara ameirekodi jinsi mtalii anavyoiona.

Hapa tarakilishi yetu ya njia sita yaweza kufanya jambo ambalo hata filamu za Hollywood hazitatufanyia. Chukua simu nne za kawaida zenye programu ya kurekodi. Zisimamishe karibu na kitovu cha duara, mahali ambapo anayesikiliza angesimama, zikitazama pembe nne, na ya tano uiweke karibu na kiongozi wa wimbo. Zote zikishaanza kurekodi, mtu mmoja apige kofi moja kali. Rudi maabara, hamishia rekodi zote katika Audacity, programu isiyolipiwa, na uzisogeze hadi yale makofi yalingane. Simu hazihesabu saa sawasawa, kwa hiyo rekodi ndefu zitapishana kidogo kidogo. Nyimbo za dakika tano hazina tatizo. Omba ruhusa ya waimbaji kabla ya yote, na uwaeleze rekodi itakakokaa. Niliwahi kuona mzee akikataa, na alikuwa na haki.

Unapohifadhi faili, chagua katika Audacity utoaji wa njia nyingi wala usikubali stirio, kisha upange kwa utaratibu huu ambao mashine huutarajia: mbele kushoto, mbele kulia, kati, sauti nzito, nyuma kushoto, nyuma kulia. Njia ya nne iache tupu. Kiongozi wa wimbo aingie katika ya tatu. Zile rekodi tano za asili zihifadhiwe kando bila kuguswa, pamoja na karatasi inayosema ni simu ipi ilitazama wapi, kwa kuwa mwaka ujao hakuna atakayekumbuka.